Yemdin: Jina Lisiloonekana Kwenye Ramani

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 28, Yakobo anakimbia kutoka nyumbani kwao. Usiku unamkuta njiani. Analala na kuota ngazi, na asubuhi anapaita mahali pale Betheli, yaani nyumba ya Mungu. Mwandishi angeweza kuishia hapo, kwa kuwa jina jipya lilikuwa takatifu na kila Mwisraeli alilijua. Lakini anatuambia pia kwamba mji ule zamani uliitwa Luzu. Hilo lilikuwa jina la wenyeji, watu ambao hawakuiona ile ngazi wala wale malaika. Hata hivyo Roho wa Mungu hakuona vibaya jina lao likae ndani ya Maandiko, nasi tunalisoma hadi leo.

Ndugu msomaji, katika insha hii nataka tuwatazame watu wanaoishi mbali sana nasi, kaskazini mwa Urusi, ambako mito huganda kwa miezi mingi kila mwaka. Watu hao ni Wakomi. Zamani Warusi waliwaita Wazyryan, na nchi yao waliiita Perm. Lugha yao si ya jamii moja na Kirusi. Ina undugu wa mbali na Kifini na Kihungaria. Historia yao inagusa jambo ambalo Kanisa limekutana nalo kila mahali lilipopeleka Injili: tunapofika kwa watu ambao si wa kabila letu, tunaandika maneno yao na majina ya nchi yao kwa herufi za nani, na kwa kusikiliza mdomo wa nani?

Mtawa aliyetunga herufi

Stefano alizaliwa karibu mwaka 1340 katika mji wa Ustyug, ambako wafanyabiashara wa Kirusi na Wakomi walikutana. Kwa hiyo Kikomi hakikuwa kigeni masikioni mwake tangu utoto. Alipokuwa kijana alikwenda Rostov akawa mtawa, na kwa miaka mingi aliishi katika monasteri iliyosifika kwa vitabu vyake. Huko alijifunza Kigiriki. Wakati mapadri wengine waliwaza namna ya kuwafundisha Wakomi Kislavoni, lugha ya ibada ya Warusi, Stefano aliwaza kinyume chake. Aliona kwamba kitabu ndicho kinachopaswa kusafiri hadi kwa watu, si watu kusafiri hadi kwa kitabu.

Mwaka 1372, kama mapokeo yanavyosema, alikamilisha alfabeti ya Kikomi. Herufi zake za kwanza mbili ziliitwa An na Bur, na kwa hiyo maandishi yote yakaitwa Abur. Baadhi ya maumbo yake yanafanana na herufi za Kigiriki na za Kikirili. Mengine yanafanana na alama ambazo Wakomi wenyewe walizichonga kwenye miti na vyombo ili kuonyesha mali ni ya nani. Mwindaji wa Kikomi ambaye hajawahi kushika kitabu aliweza kuitazama herufi ya Abur na kuona ndani yake kitu cha nyumbani.

Mwaka 1379 Stefano aliingia nchi ya Wakomi kuhubiri. Alijenga kanisa mahali ambapo mto Vym unaingia katika mto Vychegda, akaliweka wakfu kwa kumbukumbu ya Maria kupashwa habari na malaika. Akafungua shule, akawafundisha vijana kusoma na kunakili vitabu, na baadhi yao wakawa wasomaji, mashemasi na mapadri. Mwaka 1383 akawekwa kuwa askofu wa kwanza wa Perm. Katika kanisa lile ibada iliimbwa kwa Kikomi, miaka zaidi ya 130 kabla ya Martin Luther kubandika hoja zake kule Wittenberg.

Kwa nini asitumie herufi za Kirusi?

Tunayajua mengi ya maisha ya Stefano kutoka kwa mtawa aliyemfahamu, Epifanio, aliyepewa jina la Mwenye Hekima. Waliishi pamoja katika monasteri ya Rostov, na Epifanio anakiri kwamba mara nyingine walibishana. Baada ya Stefano kufariki aliandika kitabu cha maisha yake, na ndani yake hakuficha kwamba kazi ile ilipingwa.

Wapinzani walikuwa na hoja 2. Ya kwanza ilihusu wakati. Warusi wengi wa siku zile waliamini kwamba ulimwengu ungeisha utakapotimia mwaka wa 7000 tangu kuumbwa, ambao kwa hesabu yetu ni mwaka 1492. Ilikuwa imebaki miaka 120 tu. Walimwuliza: kwa nini kuwatungia watu herufi mwishoni kabisa mwa dunia, ilhali wameishi karne zote bila maandishi? Hoja ya pili ilihusu heshima. Kama ni lazima Wakomi wasome, walisema, herufi za Kirusi zipo tayari, wazitumie hizo.

Epifanio anamtetea rafiki yake kwa kukumbusha kwamba herufi za Kigiriki zilitungwa na wapagani, tena kwa miaka mingi, lakini hizi za Perm zimetungwa na mtu mmoja mtakatifu. Angeweza pia kuwakumbusha wapinzani kwamba Warusi wenyewe walikuwa wamepewa zawadi ileile. Karibu miaka 500 nyuma, watakatifu Kirilo na Methodio walikuwa wamewatungia Waslavoni herufi na kuwatafsiria Injili, wakapingwa na watu waliodhani kwamba Mungu anasifiwa kwa Kiebrania, Kigiriki na Kilatini tu. Herufi tunazoziita leo za Kikirili zilitungwa baadaye kidogo, na wanafunzi wa kazi ile kule Bulgaria, zikapewa jina la mwalimu. Hivyo watu waliopata herufi kwa sababu mtu mmoja aliwasikiliza walikuwa wameanza kuuliza kwa nini wengine nao wasikilizwe.

Jambo hili hutokea bado. Usharika uliopigania kuimba kwa lugha yake unaweza, baada ya vizazi 2 tu, kuwanyima majirani zake haki hiyohiyo.

Shoka la Stefano

Sitaki kumpamba Stefano kupita kweli. Kitabu cha Epifanio kinasimulia jinsi alivyobomoa madhabahu za wenyeji na kuchoma sanamu zao. Mapokeo yanataja mti mmoja mkubwa ambao watu waliuheshimu na kuutolea sadaka, nao akaukata kwa shoka. Kulikuwa pia na mzee wa dini ya jadi aliyeitwa Pam, aliyewashawishi watu wasimsikilize mgeni kutoka Moscow, mji unaotoza kodi nzito. Hoja hiyo haikuwa ya kipumbavu, maana kodi ya Moscow ilikuja kweli. Wakashindana, na Stefano akapendekeza wapite pamoja katika moto na katika maji ya mto ulioganda. Pam akaogopa. Watu walitaka kumwua, lakini Stefano akawazuia na kuamuru afukuzwe tu.

Ninayataja haya kwa sababu mkono uleule ulioshika shoka ndio ulioshika kalamu. Stefano hakuheshimu kila alichokikuta. Lakini lugha ya wale watu hakuiona kuwa sehemu ya giza la kufyekwa. Aliamini kwamba maneno waliyomwitia mama zao yanafaa pia kumwitia Mungu. Wamisionari wengi waliokuja baada yake, wenye mikono laini kuliko yake, hawakufika hapo.

Herufi zilipokufa

Stefano alifariki Moscow tarehe 26 Aprili 1396 akazikwa huko, mbali na watu wake. Maaskofu waliomfuata waliendelea kukaa katika mji ule wa makutano ya mito, na haikuwa kazi rahisi. Mmoja wao, Pitirim, aliuawa mwaka 1455 katika uvamizi wa Wavoguli, watu tunaowaita leo Wamansi. Kisha mwaka 1564 kiti cha askofu kikahamishiwa Vologda, mji wa Kirusi ulio mbali kusini-magharibi. Askofu akawa hasikii tena Kikomi dirishani kwake. Mapadri waliotumwa walikijua Kislavoni, na ibada ikarudi katika Kislavoni.

Kufikia karne ya 17 herufi za Abur hazikuwa tena na kazi. Waandishi wengine wa Moscow walikuwa wamezitumia kama maandishi ya siri, kwa kuwa karibu hakuna aliyeweza kuzisoma! Herufi zilizotungwa ili kila mtu aelewe zikaishia kutumika ili watu wasielewe. Kilichobaki ni mabaki machache: orodha za herufi, maneno pembeni mwa vitabu, na maandishi kwenye ikona. Ikona maarufu kuliko zote inaitwa Utatu wa Wazyryan, na imehifadhiwa katika makumbusho ya Vologda. Inawaonyesha wageni 3 waliomtembelea Ibrahimu, na maneno yaliyoandikwa juu yake ni ya Kikomi, kwa herufi za Stefano. Mtaalamu wa Kikomi, Vasily Lytkin, alikusanya mabaki hayo na kuyaeleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1952. Yote yakiwekwa pamoja, ni maneno mia kadhaa tu.

Herufi zile hazikuuawa na wapagani wala na wavamizi. Zilikufa kwa sababu Kanisa liliacha kuzihitaji, na liliacha kuzihitaji kwa sababu liliacha kukaa karibu na watu.

Mito ilivyolinda majina

Herufi zilikufa, lakini majina hayakufa. Tukumbuke tena mahali pale Stefano alipojenga kanisa. Warusi wanapaita Ust-Vym, yaani mlango wa mto Vym. Wakomi wanapaita Yemdin. Mto wenyewe wanauita Yemva, na neno *din* lina maana ya karibu na, au penye. Majina yote 2 yanaeleza jambo moja, lakini la Kikomi ndilo alilosikia Stefano kila siku alipouliza njia.

Neno la Kikomi la maji ni *va*. Ukilijua hilo, ramani nzima inaanza kusema nawe. Mto mkubwa ambao Warusi wanauita Vychegda, Wakomi wanauita Ezhva. Izhma kwao ni Izva, maji ya mawe. Upande wa kusini, katika nchi ya ndugu zao Wakomi-Permyak, kuna mito Inva, Kosva na Obva, na hata ramani za Kirusi zinaiita hivyohivyo. Neno *kar* kwao ni mji, na ndiyo sababu mji wao mkuu unaitwa Kudymkar. Msafiri asiyejua Kikomi hupita juu ya majina haya kama mtu anayepita juu ya makaburi yasiyo na maandishi. Mwenyeji huyasoma yote.

Nani aliyalinda majina haya kwa karne 3 ambazo Wakomi hawakuwa na herufi wala askofu wa karibu? Wavuvi, wawindaji, na akina mama waliowatuma watoto mtoni. Hawakuwa na daftari. Waliyasema tu, na watoto wao wakayasema. Tusikidharau kinywa cha mtu asiyejua kusoma. Mara nyingi Mungu amehifadhi ndani yake yale ambayo wasomi waliyaacha yapotee.

Herufi kama kamba

Katika karne ya 19 Kanisa la Urusi lilizinduka tena. Mtu aliyeongoza kazi hiyo aliitwa Nikolai Ilminsky, mwalimu wa Kazan aliyeijua Kiarabu na Kitatari vizuri. Kwanza alitafsiri vitabu vya Kikristo kwa Kitatari cha wasomi, kwa herufi za Kiarabu. Aligundua kwamba Watatari Wakristo wa vijijini hawavielewi. Akaanza upya kwa lugha ya mazungumzo ya kawaida, na kwa herufi za Kikirili. Pamoja na Vasily Timofeev, mwana wa watu hao wenyewe aliyekuja kuwa padri mwaka 1869, alianzisha shule, na mwaka huohuo ibada ikaanza kufanywa kwa Kitatari. Miongoni mwa Wachuvash, mwalimu Ivan Yakovlev alitunga alfabeti katika miaka ya mwanzo ya 1870 na kutafsiri Injili. Aliongeza kwenye Kikirili herufi chache za sauti ambazo Kirusi hakina, na Wachuvash wanaandika hivyo mpaka leo. Mji wao mkuu, ambao ramani zinauita Cheboksary, wao wanauandika Shupashkar kwa herufi zao.

Watu wengi walimjua Kristo kwa lugha yao kupitia kazi hii, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini Ilminsky hakuchagua Kikirili kwa ajili ya sauti peke yake. Alitaka pia kuwatenga Watatari Wakristo na vitabu vya Kiislamu vilivyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kuwafunga karibu na Urusi. Herufi ilikuwa daraja, na pia ilikuwa kamba.

Sisi tunaosoma Kiswahili tusiwanyoshee kidole. Mmisionari Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, mji ambao wenyeji waliuita Mvita, Kiswahili kilikuwa tayari kinaandikwa kwa herufi za Kiarabu, na tenzi na barua zilikuwa zimeandikwa hivyo kwa vizazi vingi. Krapf alipendelea herufi za Kirumi, na miongoni mwa sababu zake ilikuwamo hofu kama ile ya Ilminsky. Herufi ninazoziandika sasa nazo zina historia hiyo. Zimetuhudumia vizuri, lakini zilipochaguliwa wenyeji hawakuulizwa.

Mara 3 katika miaka 20

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 serikali mpya ilitangaza kwamba mataifa madogo yatasoma kwa lugha zao. Mwaka 1918 Vasily Molodtsov, mwana wa Wakomi, alitunga alfabeti iliyotokana na Kikirili lakini ikiwa na maumbo yake yenyewe, ili kila sauti ya Kikomi ipate herufi yake. Shule zikaipokea.

Kisha ikaja amri nyingine. Wakuu walisema Kikirili ni herufi za mapadri na za mfalme aliyepinduliwa, na kwamba herufi za Kirumi ndizo za dunia mpya. Makumi ya lugha za nchi ile zikahamishiwa herufi za Kirumi, na Kikomi nacho mwanzoni mwa miaka ya 1930. Haikudumu. Mwaka 1936 Wakomi wakarudishiwa herufi za Molodtsov, na mwaka 1938 wakaamriwa kutumia Kikirili cha Kirusi pamoja na herufi chache za nyongeza. Sasa herufi za Kirumi zilihesabiwa kuwa kosa. Hebu mfikirie mtoto aliyejifunza kusoma mwaka 1925. Kabla hajafikisha miaka 25 alikuwa amebadilishiwa herufi mara 3, na kila mara vitabu vya jana vilikuwa vigumu kwa wadogo zake. Lytkin, yule aliyekuja kutufafanulia maandishi ya Abur, alikamatwa mwaka 1933 akapelekwa kambini.

Katikati ya misukosuko hiyo likatokea jambo moja la ajabu. Mji mkuu wa Wakomi uliitwa Ust-Sysolsk, yaani mlango wa mto Sysola, na ulikuwa umepata hadhi ya mji mwaka 1780. Mwaka 1930, ulipotimiza miaka 150, ukapewa jina la Kikomi: Syktyvkar. Syktyv ni jina la wenyeji la mto Sysola, na *kar*, kama tulivyoona, ni mji. Jina lililoishi midomoni likaandikwa kwenye mihuri ya serikali. Na katika miaka hiyohiyo ya 1930, kanisa kuu la mji lililoitwa kwa jina la Mtakatifu Stefano likabomolewa. Jina la mji likainuliwa, na kanisa la mtu aliyewapa watu wake maandishi likashushwa. Mungu peke yake ndiye anayeweza kupima hesabu kama hizo. Leo kanisa jipya lenye jina la Stefano limesimama tena katika mji huo, na tangu mwaka 1992 sheria ya jamhuri yao inakitambua Kikomi kuwa lugha ya serikali pamoja na Kirusi.

Ramani husikia wapi?

Sasa tufikie ramani tunazoziona sisi, zilizoandikwa kwa herufi za Kirumi. Jina la kijiji cha Wakomi hufikaje humo? Mara nyingi hupita katika milango 2. Kwanza mwandishi wa Kirusi huliandika kama Warusi wanavyolisema. Kisha mchora ramani wa nchi nyingine hubadilisha herufi moja moja kutoka Kikirili kwenda Kirumi. Zipo kanuni za kazi hiyo. Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake wa kwanza wa majina ya mahali Geneva mwaka 1967, na mwaka 1987 ukakubali mfumo mmoja wa kuandika majina ya Kirusi kwa Kirumi. Mwaka 1995 kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 9 ikaipa kila herufi ya Kikirili herufi yake ya Kirumi, na safari hii zikawemo hata zile za lugha ndogo. Ile *o* ya Wakomi yenye nukta 2 juu yake haikulazimika tena kupoteza nukta zake njiani.

Hiyo ni kazi njema, lakini kanuni ya herufi hugeuza kile tu ilichopewa. Ukiipa Ust-Vym, itakurudishia Ust-Vym, sahihi bila kosa. Haiwezi kamwe kukupa Yemdin, kwa sababu hakuna aliyekwenda kumwuliza mwenyeji. Ukiipa Vychegda haitakwambia Ezhva. Usahihi wa herufi na ukweli wa jina ni vitu 2. Mtu anaweza kuandika kwa uangalifu wote jina ambalo si lako.

Na makosa ya namna hiyo huweza kusahihishwa. Kando ya mto Yemva kulikuwa na mji mdogo uliopewa jina la Kirusi lenye maana ya mji wa reli, jina ambalo ungeweza kulibandika popote palipo na kituo cha treni. Mwaka 1985 ukapewa jina la mto: Yemva. Baada ya hapo hata ramani yenye herufi za Kirumi ikaweza kusema neno la Kikomi. Herufi zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii jina lilichukuliwa kwa wenyeji.

Somo kwetu

Katika Waamuzi sura ya 12 Wagileadi walikaa kwenye vivuko vya Yordani na kumwamuru kila apitaye atamke neno moja, shibolethi. Aliyeshindwa kulitamka kama wao aliuawa. Katika Matendo sura ya 2, siku ya Pentekoste, mambo yakawa kinyume. Luka anaorodhesha kwa majina nchi walizotoka wale waliokuwapo, na kila mmoja akasikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha aliyozaliwa nayo. Hakuna aliyetakiwa kwanza asahihishe ulimi wake. Epifanio naye, anapoanza kusimulia kazi ya Stefano, anaorodhesha mito ya Perm na watu wanaoishi kandokando yake, jina baada ya jina. Nadhani alijua anamfuata nani.

Kila Kanisa husimama ama kwenye kivuko au katika chumba kile cha Pentekoste, na mara nyingi tofauti huonekana katika mambo madogo. Wengi wetu tumewahi kuona daftari la zamani la ubatizo ambamo kijiji cha bibi kimeandikwa kama mgeni alivyokisikia, au cheti chenye jina la mahali ambalo hakuna mzee anayelitambua. Aliyeandika hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na haraka, foleni ilikuwa ndefu, naye akadhani analijua.

Stefano alikuwa na sababu za kuwa na haraka kuliko sisi. Watu wa siku zake walimwambia dunia inaisha baada ya miaka 120. Akaketi, akasikiliza sauti za lugha ambayo wakubwa waliidharau, akazitafutia maumbo moja baada ya jingine. Maumbo yale yamepotea, lakini Wakomi bado wanaikumbuka tarehe 26 Aprili kuwa siku ya maandishi yao.

Basi, ndugu, safari nyingine mama atakapomleta mtoto kubatizwa na daftari likiwa wazi mezani, mwulize nyumbani kwao panaitwaje. Mwache alitamke jina mara 2 kama ni lazima. Kisha andika ulichokisikia, umsomee, na usifunge daftari mpaka akubali kwamba ndipo hapo alipotoka.